Kovu la Kidole Gumba

3 Machi

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Mimi mzima, mgongo tu ndio unaolalamika. Mama yuko vilevile tangu apigwe na kiharusi: haoni, hasemi. Kila anayeingia, mama humshika mkono akampapasa kidole gumba, anatafuta lile kovu lako la pasi. Akilikosa, anauachia mkono. Njoo, hata siku moja.

Siwezi kumbeba peke yangu. Fundi viatu wa chumba cha pili ndiye anayemnyanyua kila asubuhi kumtoa nje aote jua.

Dada yako

20 Machi

Dada mpendwa,

Bwana asifiwe! Natumaini hamjambo, mimi nasonga kwa neema. Mwezi huu nafundisha somo la Maisha Mema: imani, ibada, kuwaheshimu wazazi. Watu wanajaa mpaka wanakaa kwenye ngazi! Msomee mama Zaburi. Nitakuja semina ikiisha. Mwambie fundi viatu Mungu atamlipa.

Mdogo wako, Mchungaji

11 Mei

Mdogo wangu,

Hujambo? Mimi sijambo, ila nimekasirika. Muuza maziwa, ambaye binti yake anasali kwako, amekuja mbio kumpongeza mama. Eti umetangaza madhabahuni kwamba ameinuka na anapika mwenyewe, kanisa zima likapiga vigelegele. Alipomkuta kitandani alikosa pa kuweka uso.

Semina imeisha, nimesikia. Niambie mimi tu kwamba ulidanganya, kisha uje. Mama anapungua, hata uji anaukataa.

Dada yako

30 Mei

Dada,

Amani iwe kwako. Afya yangu ni njema. Sikudanganya, nilitangaza kwa imani kabla jambo halijaonekana, ndivyo tunavyofundishwa. Ila nielewe. Nikifunga safari, waumini watataka kuja nami kumwona. Wakimkuta vile, imani ya watu mia nne itaanguka. Tuvute subira mpaka ainuke kweli. Na tafadhali, muuza maziwa afunge mdomo.

Mdogo wako, Mchungaji

2 Julai

Mchungaji,

Salamu. Afya yangu usiiulize. Mama alifariki Jumanne asubuhi, tukamzika Alhamisi. Sikukuita. Ungewaambia nini watu wako mia nne, kwamba anayepika amekufa?

Asubuhi ile fundi viatu aliingia kumnyanyua kama kawaida, akaona hanyanyuliki tena, akakaa na kumshika mkono. Miezi yote alikuwa akimbeba tu. Mkono hawakuwahi kupeana. Mama akampapasa gumba. Mtu aliyekata ngozi kwa kisu miaka thelathini hakosi kovu. Akalipapasa mara mbili, akacheka kwa upande mmoja wa mdomo, akaubana ule mkono. Fundi akanitazama. Nikanyamaza. Naye hakuutoa, ingawa wateja walikuwa wakimwita nje, mpaka mama alipouachia mwenyewe.

Somo lako la maisha mema sijalisikia, labda ni zuri. Mama amekufa akidhani ulikuja. Uongo huo ni wangu, nitaujibu mwenyewe mbele za Mungu. Wako ujibu wewe.

Binti wa mama