Nyonga ya Mama

Busi, Kondoa

Kaka Henry,

Shikamoo. Alizeti tumevuna vizuri. Mama bado hainuki, nyonga imevunjika. Baba mdogo Yotham anasema aliteleza uani, na mganga wa mifupa anatosha. Nikamwuliza, "Mbona mkeo alipovunjika nyonga kule Msalato alipasuliwa, na sasa anatembea?"

Akajibu, "Mjini wanapasua, huku tunafunga vijiti."

Tangu siku hiyo haniachi peke yangu na Mama, na simu zangu anazisikiliza. Jana alipokwenda kumwonyesha mgeni anayetaka kulinunua shamba letu, Mama alinishika mkono. "Violeth," alinong'ona, "mimi sikuteleza."

Jumamosi ninamleta kwako kwa gari la jirani Denis. Yotham akikupigia, mwambie hujui tulipo.

Mdogo wako anayekutegemea,
Violeth