Mwanangu Hataki Kuniita Shangazi

Adde Workinesh, mshauri wetu wa redio, hujambo, na wa nyumbani hawajambo? Mimi ni msikilizaji wako wa kila Jumamosi na leo nakuomba unisaidie jambo dogo tu, wala si la kulia, maana wenzangu wanakuandikia waume wamewakimbia, mimi Mungu amenifungulia mlango, nashindwa tu kuingia vizuri. Nina binti wa miaka sita, Lalistu, baba yake alifariki mwaka juzi wakati wa kuvuna shayiri, na tangu hapo shamba letu analilima shemeji yangu Gutema, ndugu wa marehemu, kwa kuwa anasema mwanamke hawezi kushika plau, na mavuno hutuletea kidogo kidogo akipata nafasi, mwaka huu hakupata, basi tumekula kabichi mpaka mtoto akiiona anafunga mdomo. Ndipo Gutema akaleta mgeni, bwana mmoja wa nyumba ya watoto ya mjini, mtu wa maneno matamu, akatuonyesha picha ya mume na mke wa Ulaya na nyumba yao, na mbwa kalala juu ya kiti cha watu, akasema hawa wanamtaka Lalistu, watamlea na kumsomesha mpaka awe daktari, nami nikapiga vigelegele majirani wakadhani kumezaliwa mtoto.

Wewe wajua kwetu si jambo geni, guddifachaa, desturi ya kumpa mwenzio mtoto amlee, tumeikuta, dada yangu alimpa mwanawe mtu wa Bokoji asiyejaliwa uzazi, wazee wakaapa, mtoto akapewa jina la baba mpya na urithi, na hadi leo kila sikukuu anakuja kwa mama aliyemzaa na siagi mkononi, ana mama wawili na wote anawatania. Basi nami nikasema Lalistu atakuwa na mama wa kule na mama wa huku, likizo atakuja, akishakuwa daktari atanitibu goti. Kasoro ni moja, yule bwana anasema korti ya Addis haitamtoa kirahisi mtoto mwenye mama, kwa hiyo Alhamisi hii nikisimama mbele ya hakimu niseme mimi ni shangazi na mama alishakufa, "Ni maneno ya kortini tu, mama, hayaui mtu," na Gutema akacheka, "Shemeji, kufa kidogo kwa ajili ya mtoto, halafu ufufuke urudi kwenu kwa wazazi wako ukapumzike."

Sasa anayenisumbua ni mtoto. Namwambia, "Mimi ni nani?" anasema, "Mama." Namwambia, "Hapana, mimi ni shangazi." "Na mama je?" "Mama hayupo." Akanitazama, akasema, "Haya shangazi, mama akija mwambie nina njaa." Nikacheka mpaka machozi. Juzi hatimaye akakubali, akaniita shangazi mbele ya majirani, wazi kabisa, nami nikaingia ndani nikakaa nyuma ya mlango mpaka uji ukaungua, nadhani ilikuwa furaha. Lakini jana kasahau tena. Nimfundisheje ashike, nimtishe, nimchape kidogo, au nimpe sukari? Nijibu upesi.

Mama Mwenye Bahati, karibu na Asela

*

Mama Mwenye Bahati, kaa chini kwanza, na sufuria iondoe motoni.

Mtoto wako hana tatizo la kushika. Ana akili kuliko nyinyi watu wazima watatu mkiwekwa pamoja. Usimtishe, usimchape, na sukari yako mpe kwa sababu ni mwanao, si kwa sababu amekuua vizuri mbele ya majirani. Na ile haikuwa furaha, mwenzangu. Unajua mwenyewe haikuwa furaha.

Unaniambia habari za guddifachaa, mimi? Mimi nililelewa hivyo! Nina mama aliyenizaa na mama aliyenilea, na siku ya harusi yangu waligombana nani anipake siagi kichwani. Hakuna aliyelazimishwa kujifanya maiti ili nipate mlezi. Wazee walikuja na kuapa mbele ya watu, na kila mtu alijua nimetoka tumbo la nani. Hiki ulichopewa si hicho. Hakimu akishatoa hukumu, wewe si mama wa huku wala wa kule. Hakuna anayebanwa kumleta likizo, na goti lako utalitibu mwenyewe. Atakua akiambiwa kaburi lako liko huku kwetu Arsi, na ataliamini, kwa sababu wewe ndiwe utakayekuwa umeliapia.

Sisemi wale wa kwenye picha ni wabaya. Huenda ni watu wema, wameomba mtoto asiye na mtu, na wao wanadanganywa kama wewe. Wako watoto wasio na mtu kabisa, na mlango ule ni wao. Lalistu ana mtu. Asichokuwa nacho ni shayiri.

Na shayiri iko wapi? Umeniandikia mwenyewe bila kujua. Shamba la marehemu linalimwa na nani? Nani hakupata nafasi ya kuleta mavuno? Nani anataka mtoto avuke bahari na wewe urudi kwenu ukapumzike? Kupumzika, lo! Mtoto akishaondoka, na wewe umeapa kwamba mke wa marehemu naye alikufa, shamba litabaki na nani? Gutema, jina tumelibadilisha lakini mwenyewe unajijua, kama redio yako iko wazi usiizime, ongeza sauti.

Sasa fanya hivi, mama. Leo hii itoe ile siiqqee yako, fimbo aliyokukabidhi mama yako siku ulipoolewa. Haikutengenezwa kuning'inizwa ukutani. Ita wanawake wa kijiji, kila mmoja na yake, mkakae mlangoni pa shemeji yako, msipike, msikame, mpaka wazee waje wenyewe kuuliza kuna nini. Watakuja, hakuna mzee wa Arsi anayeweza kuwapita wanawake waliokaa na siiqqee. Wakija, dai shamba lako na mavuno ya miaka miwili. Jumatatu nenda ofisi ya wanawake ya wilaya, simulia kila neno la yule bwana, na uliza kuhusu msaada wa chakula, usione haya, haya haijawahi kujaza sahani. Plau kama huwezi, tafuta wa kulima kwa nusu ya mavuno. Wajane wangapi wanafanya hivyo!

Na Alhamisi usibaki nyumbani ukidhani usipokwenda shauri litakufa. Ataletwa mwanamke mwingine, atajifunza kuwa shangazi kwa siku moja, na mwanao ataondoka. Nenda. Wewe na mtoto muoge, mvae nguo safi, usimfundishe neno lolote njiani. Hakimu akikuuliza huyu mtoto ni nani kwako, jibu neno moja tu: "Nimemzaa."