Simama Juu ya Karatasi

3 Februari

Mwanangu mpendwa,

Hujambo? Sisi huku wazima. Mama yako anakohoa kidogo, lakini mdomo haujapumzika. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu hunikatiza.

Kazi imepatikana! Nimemwendesha mkurugenzi wetu miaka ishirini na miwili, na sijawahi kumwomba hata ruhusa ya kuwahi nyumbani. Juzi tukiwa kwenye foleni ya magari nikamwombea mwanangu nafasi hapo kwenye kampuni ya bima. Akakubali papo hapo. Meza yako iko ghorofa ya nne, kitengo cha madai, na mshahara ni mara tatu ya huo unaopewa hapo hospitali kwa kuwashonea viatu watoto wenye miguu mibovu. Unaanza Aprili. Anataka jibu mwisho wa mwezi huu. Langu nimeshampa.

Baba yako

12 Februari

Baba, shikamoo.

Natumaini kikohozi cha mama kimepungua. Asante, nasema kwa moyo, maana najua ulivyo mgumu wa kuomba. Ila jibu niachie mwenyewe.

Wiki jana aliletwa binti wa miaka sita, mguu mmoja mfupi. Nilimsimamisha juu ya karatasi nikazungusha penseli kwenye nyayo zake, kama ninavyomfanyia kila anayekuja. Jana amekuja kuvaa viatu vyake, soli ya kushoto nimeiinua. Akaenda hadi mlangoni, akarudi, akaenda tena, kisha akakataa kubebwa. Mama yake alizoea kumbeba, hata hakujua mikono aiweke wapi.

Tena kazi hii nilianzia kwako, baba. Viatu vyako pale mlangoni, kisigino cha kulia kimelika upande, na ndani kuna kipande cha boksi kilichokunjwa, cha kuinulia mguu. Nilikuwa nakitoa, nakipima kwa vidole, nakirudisha kabla hujaamka.

Mwanao

20 Februari

Wewe Kidomo,

Salamu baadaye. Mguu wangu umeingiaje kwenye habari za kazi? Mguu huohuo ndio uliokanyaga breki, wewe ukasoma uhasibu hadi ukamaliza chuo. Nani alikutuma kupekua viatu vyangu? Na mama yako ameniambia chumba chako kinavuja, umeweka beseni juu ya kitanda. Hiyo raha ya kazi itaziba paa?

Sitaki kuaibika mbele ya mtu ninayemwona kwenye kioo cha gari kila siku. Jibu ni ndiyo.

Baba yako

27 Februari

Baba, shikamoo.

Mimi mzima, na paa linavuja palepale.

Nilikwenda ghorofa ya nne nikaiona hiyo meza. Nisikudanganye, ni pazuri. Watu wakarimu, kiti kinazunguka, hewa baridi. Nilikaa dakika kumi, nikajiona nimezeeka hapo bila kosa lolote, na bila kumkumbuka mtu hata mmoja. Nimemwandikia mkurugenzi mwenyewe kwamba siji, na kwamba lawama zote ni zangu. Naogopa, baba, sifichi.

Nimekuwekea karatasi mbili nyeupe. Simama juu yake, uzito wote, mama achore. Nikutengenezee vyako.

Mwanao

4 Mei

Baba, shikamoo.

Hii ni barua ya tatu bila jibu. Mama anasema u mzima, unakula vizuri, ila jina langu likitajwa unatoka nje kufagia uwanja uliokwisha kufagiliwa.

Paa limezibwa. Jioni mbili kwa wiki namwandikia hesabu mwenye duka la vifaa vya ujenzi, kwa hiyo uhasibu wako haukupotea. Nachoka, lakini sijajuta. Nimekukumbuka mno.

Mwanao

21 Juni

Mwanangu,

Hujambo? Mimi mzima. Mkurugenzi alisema barua yako ilikuwa ya adabu, kazi akampa binti mwingine, basi. Mwenye aibu nilikuwa mimi. Miezi yote hii nimemwendesha bila kumtazama kwenye kioo.

Wiki iliyopita lifti iliharibika, akanituma nipeleke faili ghorofa ya nne. Nikapanda ngazi zote hizo. Kufika tu, kiatu kikachomoka, boksi likaangukia sakafuni mbele ya ofisi nzima. Anayekalia meza yako akainuka, akaliokota, akasema, "Mzee, umedondosha kitu." Hakuwa na ubaya, binti wa watu. Nikalitia mfukoni, nikateremka nachechemea, kila mtu anaona. Kwenye gari nililia. Hata mama yako sijamwambia.

Karatasi zako zilikuwa chini ya godoro langu. Jana nimesimama juu yake, uzito wote. Mama yako ndiye aliyechora, anasema nilitikisika. Mwongo huyo! Tofauti ya miguu ni vidole viwili, vyangu si vyako.

Nataka vyeusi. Na usinitangulize mbele ya watoto, nitasubiri zamu yangu. Lile boksi nimelitia humu kwenye bahasha. Lipime mchana kweupe, na safari hii usilirudishe.

Baba yako