Maji ya Mashimo ya Matofali

4 Machi

Shikamoo Baba,

Natumai mnaendelea vyema. Mimi mwili ni mzima, ila usingizi umenipaa. Unasema homa ya mdogo wangu Kitinda imerudi, vidole vimevimba, na umempa tena dawa ya malaria. Baba, malaria haivimbishi vidole.

Mwalimu wa biolojia ametufundisha kwamba viumbe hubadilisha mahali wanapoishi, na mahali hapo huamua nani atadumu. Watu walifyeka misitu walime, maji yakatuama, mbu wakazaana. Malaria ikaua wengi, lakini waliorithi selimundu, kasoro ya chembe za damu, kwa mzazi mmoja walinusurika zaidi, wakairithisha. Anayeipata kwa wazazi wote wawili ndiye huugua. Nikawaza mashimo yetu ya matofali yanayotuama maji. Wewe na Mama mnashinda humo, na malaria haiwalazi; huenda nyote wawili mnayo. Tafadhali, mpelekeni Kitinda apimwe damu.

Binti yako

13 Machi

Mwanangu,

Salamu zimefika, nasi tunasukuma siku. Mwambie mwalimu wako ahangaike na mbu wake, aache kuchungulia damu za watu. Ukoo wetu hauna ugonjwa huo. Matofali hayohayo yanakusomesha, leo mashimo yana hatia? Kitinda anacheza, ila mkono mmoja hautumii. Mama yako anakusalimu. Analia ovyo siku hizi.

Baba yako

20 Machi

Shikamoo Baba,

Poleni na uuguzi. Sijasema mna kosa. Labda damu hiyo ndiyo iliyokuvusha utotoni, ukichezea maji ya mashimo ya Babu. Nimemwomba muuguzi wa shule anipime mimi kwanza. Ninayo, Baba, ya upande mmoja. Imetoka kwa mmoja wenu. Lakini mimi ni mzima na ninasoma. Naogopa kufungua barua yako ijayo. Mpelekeni leo.

Binti yako

29 Aprili

Binti yangu,

Nisamehe kimya, tulikuwa wodini. Mimi ninayo, mama yako anayo, Kitinda ameipata kwa pande zote mbili. Alizidiwa njiani, nikadhani nimebeba maiti. Sasa ametulizwa maumivu, na jana alishika kijiko. Atatumia dawa miaka yote. Hofu haijanitoka, akikohoa tu, naamka.

Mama yako anasema kijana yeyote atakayekuja kukuposa aanzie maabara, ndipo aje kwangu kubembeleza. Mimi nimekubali.

Baba yako