Mianzi ya Baba

Jumapili, 5 Mei 1957
Nimepata nafasi chuo cha utabibu, Dar es Salaam! Mimi, Nahumu, mtoto wa Manase mgema ulanzi, pombe ya mianzi! Mama kapiga vigelegele hadi majirani wakaja. Kisha tukaanza kuhesabu. Karo, nauli, godoro, viatu – vyote juu yetu, na chuo kinafunguliwa Julai. Msimu wa ulanzi ndio huo unakwisha, mianzi inadondosha matone tu. Baba kasema Mungu atafungua njia.

Jumatano, 8 Mei
Nimekwenda kwa Mzee Kefa, mzee wa kanisa. Mfuko wa elimu wa usharika upo, kasema, lakini ni kwa watoto wa wanaoshiriki Meza ya Bwana. Baba ametengwa tangu alipoanza kuuza pombe. Anakaa benchi la nyuma pamoja na wenye wake wawili. Atubu basi, kasema Mzee Kefa. Kwa upole – upole wenyewe ndio ulioniudhi.

Nilipoeleza nyumbani, Baba aliacha kula. "Nitubu nini? Kukusomesha?"

Jumapili, 12 Mei
Ametubu. Sikumwomba! Kasimama mbele ya kanisa zima, kofia mkononi, kasema ulanzi ni dhambi na yeye ni mwenye dhambi. Wateja wake wawili walikuwa benchi la mbele, macho chini. Mzee Kefa akasema toba bila matunda ni maneno matupu: mianzi ikatwe. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Jumatatu, 13 Mei
Amekata yote. Mianzi aliyoipanda babu. Kaanza na baridi ya alfajiri, kwa mundu uleule wa kugemea, kisha akachukua jembe na kung'oa mashina ili isichipue tena. Nilitaka kusaidia. Akasema mikono yangu ina kazi nyingine, nikae. Nikakaa! Mama anaokota vipande vya kuni. Nimelia nyuma ya ghala.

Alhamisi, 30 Mei
Wazee wa kanisa wamekutana. Baba atapokelewa mezani baada ya mafundisho ya toba – Novemba. Ndivyo ilivyo kwa wote. Na fedha? Akishapokelewa. Nikasema chuo hakisubiri. Mzee Kefa kajibu kwamba utaratibu huu hakuutunga yeye. Nadhani alihuzunika kweli, na sijui nimchukie vipi mtu aliyehuzunika.

Baba kasema, "Haya, Mzee. Asante." Asante!

Jumatano, 26 Juni
Baba anakwenda kukata mkonge, Tanga. Kasema wakati wa kula, kama mtu anayekwenda sokoni. Wanaojiandikisha kambini Makambako hupewa sehemu ya mshahara kabla ya safari. Mama: "Baba Nahumu, na kifua hicho?" Baba kajibu kifua ni chake.

Nikasema basi, chuo siendi. Hakukasirika. "Mianzi imeshakatwa, mwanangu." Ndiyo hayo tu.

Ijumaa, 28 Juni. Makambako
Tumekuja kwa lori la magome ya miti ya miwati, yale ya kiwanda cha ngozi. Upepo, vumbi. Watu wa kila upande, Wakinga, Wapangwa, wengi rika langu. Baba ndiye mzee kuliko wote.

Daktari alimwekea mpira kifuani, akasikiliza muda mrefu. Mimi niko kwenye uzio. Nikaomba akataliwe. Kisha nikaomba akubaliwe. Nimeomba yote mawili, Mungu anisamehe.

Kakubaliwa. Kapewa kipande cha kazi na blanketi. Fedha kanipitishia kwenye uzio, zimefungwa kwenye kitambaa cha Mama. Kasema nivae soksi, basi lina baridi. Nilitaka kusema kitu. Nikasema, "Ndiyo, Baba."

Basi la Iringa, njia ya Dar, limefika. Sanduku langu lishapandishwa juu. Naandika nimesimama. Baba yuko kwenye foleni ya uji, kanipa mgongo makusudi – namjua, hatageuka hata nikiita. Taniboi anauliza, wewe kijana, unapanda au –