Sarafu ya Msingi wa Bi Raya

Tibirinzi, Chake Chake

Dada yangu Hadija,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta mgongo umepoa, na Bibi ameacha kubishana na daktari kuhusu chumvi. Mimi ni mzima, nakula vizuri. Wiki iliyopita usingizi ulinikataa kwa hofu, na wiki hii unanikataa kwa furaha. Nina habari ambayo kwenye simu ningeiharibu, kwa hiyo mwambie shemeji akushikie mtoto, ukae, usome taratibu.

Kazi yangu unaijua. Nazunguka na begi la vibao vya lipa namba, naingia duka hadi duka kuwaandikisha watu wapokee malipo kwa simu. Chake mjini karibu nimepamaliza, sasa wananituma vijijini. Bado niko kwenye muda wa majaribio, na kila meneja akiita jina langu nahisi nimeshafukuzwa, hata kama anataka tu kalamu.

Jumamosi ndiyo siku ya ile mashine yangu ya kutafutia sarafu ardhini, ambayo ulisema ni kutupa pesa. Naipitisha juu ya ardhi kama anayefagia, na ikikuta chuma inanililia masikioni. Wanawake wa Vitongoji, kijiji cha mashariki ya hapa, wameniita Bwana Fagio. Mmoja aliniuliza mbele ya wenzake kama kwetu bara hakuna taka, hata nikavuka bahari kuja kufagia kwao. Wakacheka, na mimi nikacheka, maana unanijua, nikiogopa huwa nacheka.

Aliyenipeleka Vitongoji ni Salim, mwenzangu wa ofisini. Familia yao ina uwanja ambao zamani ulichezewa mchezo wa ng'ombe. Huku dume hufungwa kamba, ngoma zikapigwa, vijana wakamchezea kwa kumpungia nguo, kisha hurudishwa zizini mzima. Baba yake Salim alinipa ruhusa kwa sharti moja, kwamba nikipata kitu cha kale kabisa nikipeleke kwa wahusika wa mambo ya kale, na mimi sharti kama hilo silihitaji kuambiwa mara mbili.

Jumamosi mbili nilifagia katikati ya uwanja nikapata vifuniko vya soda. Nilitaka kukata tamaa. Halafu, dada, woga wangu ukanifaa kwa mara ya kwanza maishani. Nilijiuliza, ningekuwa hapa siku ile, dume akakurupuka na kamba yake, ningekimbilia wapi? Nikageuka, nikauona mfenesi mkubwa pembeni. Nikaenda chini yake, na mashine ikalia mpaka nikavua visikizi vyake masikioni. Watu walikuwa wakiupanda mfenesi ule kwa pupa, na sarafu zikawadondoka mifukoni na kwenye pindo za kanga! Nilichimbua shilingi zenye mwenge, senti hamsini zenye sungura, senti tano nyekundu zenye samaki. Nilikuwa nazifuta kwa kidole, moja moja. Kila moja ni mtu aliyekimbia, akapanda, akacheka akiwa juu, akarudi nyumbani akakuta pindo tupu.

Lakini nikaona jambo jingine. Za miaka ya karibuni hazikuwepo. Salim anasema hata uliposimama mchezo wa ng'ombe, uwanja haukukaa tupu. Pamepigwa mpira hapo, pamefanywa harusi. Watu walikuja, ila walikuja na simu, na simu mtu haiachi idondoke. Nikawaza atakayefagia hapa baada yetu. Hatakuta kitu, atadhani tulihama. Kisha nikaangalia begi langu la vibao nililolitundika kwenye tawi.

Ndiyo maana Jumamosi iliyofuata nilichanganyikiwa kwa furaha. Pembeni kabisa ya uwanja, karibu na kigingi ambacho nilidhani ni cha kufungia mbuzi, mashine ililia kwa nguvu. Udongo ulikuwa laini, na chini kidogo nikaokota shilingi mia mbili inang'aa, yenye simba. Sarafu ya juzi! Kumbe bado zinadondoka! Niliitia kwenye kopo langu pamoja na wenzake, nikarudi Tibirinzi nikiimba njiani.

Jumatatu Salim hakunisalimia. Alikaa kwenye meza yangu, akasema kwa sauti ya chini, "Idrisa, umemchimbua Bi Raya."

Bi Raya ni mjane, na amekuwa akinunua matofali kidogo kidogo tangu mumewe afariki. Kigingi kile kilikuwa cha pembe ya nyumba yake. Kwao kuna ada: kabla ya msingi kumwagwa, mwenye nyumba huweka sarafu kwenye pembe ya mashariki, ikasomwa dua, nyumba isikose riziki. Wapo wanaosema jambo hilo halimo katika dini, lakini yeye anasema ni ada ya kwao na haimdhuru mtu. Aliiweka Ijumaa. Jumapili fundi alikuta shimo. Kazi imesimama, na kijijini wanasema yule wa bara kaja kuchimba rupia za kale na kachukua bahati ya mjane. Ndugu zake walitaka kuja ofisini kwa meneja. Bi Raya mwenyewe amewazuia, anataka nifike Jumamosi nikasimame mbele yake, ndipo aamue.

Dada, wiki ile sikula. Niliwaza nitakavyorudi Kondoa na begi langu, nikueleze nimefukuzwa kazi kwa sababu ya shilingi mia mbili.

Jumamosi nilikwenda na Salim, kopo langu mkononi. Walikuwa wengi. Kaka yake Bi Raya, fundi Haji na vijana wake, majirani. Zege lilikuwa limeshachanganywa. Bi Raya ni mfupi, anavaa miwani iliyofungwa kwa uzi, na ana tabia ya kumwangalia mtu mpaka amalize kusema na zaidi. Nilimwamkia shikamoo, nikamwomba radhi, nikamwambia nilidhani kigingi ni cha mbuzi. Kuna aliyecheka. Nikamnyooshea sarafu yake.

Hakuipokea. Alisema iliyokwisha kutoka msingini hairudi msingini, iwekwe nyingine. Akamgeukia kaka yake. Kaka yake akapapasa mifuko, akatoa simu. Fundi Haji akatoa simu na futi ya kupimia. Majirani wakapapasa, zikatoka simu, funguo, noti moja iliyokunjwa. Watu wote wale, hakuna mwenye sarafu. Wakanituma mimi dukani, mbio. Mwenye duka akanitazama, akaonyesha kibao ukutani. "Sarafu? Si wewe uliyenibandikia hiki?"

Nilirudi mikono mitupu nikawaeleza. Fundi Haji alikuwa analalamika kwamba zege halingoji mtu. Bi Raya akavua miwani.

"Kwa hiyo ni wewe huyu huyu," alisema. "Juu unazimaliza kwa vibao vyako, chini unazimaliza kwa fagio lako. Sisi tuweke nini?"

Nilichokuwa nacho ni kopo, nikalifungua, nikalimimina juu ya kanga aliyoitandaza jirani mmoja. Nikasema zote zimetoka chini ya mfenesi, ni zao, sikuzileta mimi. Wakainama. Walianza kusema wote kwa pamoja, Kipemba chao cha haraka, nikashika nusu. Huyu anaikumbuka senti ya sungura, yule alichapwa kwa kuipoteza ya mwenge. Bi Raya akaokota senti tano ya samaki, akaigeuzageuza.

"Baba alikuwa mchezaji hodari wa ng'ombe," alisema, "kwa mdomo. Dume akigeuka, wa kwanza juu ya mfenesi ni yeye." Wazee wakacheka mpaka wakashikana. "Hii yaweza kuwa yake. Chukua wewe, uweke."

Nikasema mimi si ndugu.

"Uliyetoa ndiye utakayerudisha. Shuka."

Nikashuka shimoni na suruali yangu ya kazini. Nikasema bismillahi, nikaiweka pembeni pale kwenye udongo, dua ikasomwa, zege likamwagwa nikiwa bado nafuta magoti. Dada, nimechimbua sarafu nyingi, lakini sijawahi kusikia moyo ukidunda kama siku niliyoifukia moja. Meneja hatapelekewa neno. Bi Raya ameniruhusu niendelee kufagia na kuwatunzia sarafu zao, ila niulize kwanza kila kigingi.

Sikuwa nimefika barabarani fundi Haji akanikimbilia. Na yeye anajenga, anataka sarafu ya mfenesi kwa msingi wake. "Nipe namba yako," akasema, "nikurushie hela." Sarafu nilimpa bure. Tangu hapo wamekuja wengine wawili. Sasa najua kazi yangu ya Jumamosi itakuwa nini huko mbele. Zitakapokuwa hazidondoki tena, zitakuwa zinawekwa misingini, na wa kuzitoa chini ya mfenesi ni mimi.

Nisalimie shemeji, mvumilivu wa kelele zako. Nisalimie Bibi, mwambie huku samaki tunakula bila chumvi nyingi, asiulize zaidi. Mwalimu wangu wa madrasa umpe mkono kwa niaba yangu, na mjomba mwenye mashine ya kusaga umwambie simu yake nitaipokea.

Mwisho, nimesikia kwa shemeji kwamba fundi anaanza chumba chenu mwezi ujao. Hela ya saruji nitakutumia kwa simu. Lakini barua hii inakuja kwa mkono wa mtu, kwa sababu ndani ya karatasi iliyokunjwa kuna senti hamsini yenye sungura, na Bi Raya ameiombea mwenyewe. Mwambie fundi asimwage zege kabla hujaiweka.

Ni mimi mdogo wako, mwoga wako,
Idrisa