Punda Alipotaka Kuwa Twiga

Subukia, mvua zikiwa zimekatika

Mzee wangu Barasa,

Shuleni tulifundishwa kwamba barua huanza kwa kuuliza hali ya mwenzako. Hali yako naijua. Nilikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza, tena upande wa kichwa, upande mzito. Kwa hiyo hapo naruka, niende kwa hali yetu. Sisi wazima. Mama Nekesa mzima, kiuno kinamsumbua asubuhi kama zamani, lakini sauti ni ile ile, akiita mtu hapa Subukia mwenye kugeuka yuko Njoro. Nekesa yuko shule. Punda mzima. Na mimi, Wafula wako, ndiye dereva sasa.

Najua umecheka.

Ndiyo, dereva. Leseni ninayo, na kofia yako ninayo, Mama alinipa. Inaniangukia machoni kwa sababu kichwa chako kilikuwa kikubwa, jambo ambalo ulipokuwa hai niliogopa kulitaja.

Sasa sikia habari ya Punda, maana ndiyo iliyonishikisha kalamu. Tangu siku uliponichukua nikushikie spana nilikuambia huyo Punda, gari lako la jeshi aina ya jipu, ni mfupi mno. Wewe ulimwita Punda kwa sababu ni mfupi na halalamiki. Mimi nikasema, Mzee, tumwinue, tumtie springi za lori na tairi pana, atambe. Nawe ulimaliza kwanza kutafuna hindi lako la kuchemsha, umelaza mkono juu ya boneti kama mtu anayembembeleza ng'ombe, ndipo ukajibu: "Wafula, wewe utainua gari mpaka umfikie Mungu umuulize njia?" Kisha ukanitupia gunzi. Ulikuwa na shabaha mbaya sana, Mzee, na sasa naweza kusema.

Gunzi la mwisho tulilikuta chini ya kiti siku tuliyotoka kukuzika. Mama alitaka kulitupa. Nikamwambia…

Basi, tuliache hapo. Lipo.

Baada ya matanga meneja wa shamba alimwita Mama, akauliza ni nani atakayepeleka krimu Nakuru. Unajua mwenyewe mwaka jana Punda alivyokaa tumbo juu ya tuta la katikati ya barabara kule mlimani kuelekea Bahati, krimu ikachacha njiani. Meneja hakuwa amesahau. Alisema kijana ajaribu, lakini mvua ndefu zikifika na krimu ikiharibika, kazi itaenda kwa lori la mwenye duka. Mama akajibu kwamba Wafula atafikisha. Nami nikaongeza kwamba hata ikinyesha mawe nitafikisha, na meneja akaniangalia kofia.

Tulipokuwa tukirudi nyumbani Mama alinieleza mambo yalivyo. Kazi ikienda, Punda atauzwa. Yeye atarudi Kimilili, Nekesa ataacha shule, na mimi nitarudi kuchunga ng'ombe wa mjomba. Wale ng'ombe unawajua. Wananidharau.

Kwa hiyo nikafanya kile ulichonikataza. Nisikilize kabla ya kukasirika. Nilikwenda Nakuru kwa yule fundi wa Kihindi aliyekuwa akikupa chai ya tangawizi, nikamwomba springi za lori lililokufa nyuma ya gereji yake. Tukaziunga, tukatia vipande vya chuma juu ya ekseli, ule mtaimbo unaoshika magurudumu, Punda akapanda mpaka boneti ikanifika kifuani. Tairi nikatia pana, pana kama mkate. Urefu wake ulikuwa karibu sawa na zile zako, lakini wakati ule sikuona kama urefu wa tairi ni kitu. Fundi alikuna ndevu, akauliza kama Mzee Barasa angekubali. Nikamjibu kwamba Mzee Barasa sasa hana la kusema.

Nisamehe. Ilikuwa mdomo tu.

Nikambadilisha jina, nikamwita Twiga. Nikapita naye barabara ya stesheni, ambako sikuwa na shughuli yoyote, kisha nikarudi tena upande wa pili kwa wale ambao hawakuniona. Wasichana wawili waligeuka. Tuseme waliangalia gari.

Jumapili nikamleta mbele ya nyumba kumpeleka Mama kanisani. Alisimama kando ya mlango, akainua mguu, akaurudisha chini. Nikataka kumbeba, akasema, "Mimi si mkebe wa krimu." Akatembea. Kanisa si karibu, Mzee, na wewe unajua kiuno chake. Nilimfuata nyuma na gari polepole kama mjinga, yeye mbele na Biblia, mimi juu kama nimekaa kwenye mnara, na watoto wa njiani wakicheka mpaka wakakaa chini.

Siku ya krimu ilikuwa kavu, vumbi tupu. Nikaenda kwa mbwembwe. Zile springi zilikuwa zimezoea kubeba magogo, sasa mzigo wangu ni mikebe michache tu, wala hazikuusikia. Kila shimo tuliruka, mikebe ikaruka, mimi nikaruka, kofia yako ikabaki juu peke yake kisha ikanirudia. Pale kiwandani karani alifungua mkebe wa kwanza, akachungulia, akaniita nije nione. Akaniuliza kwa adabu kabisa kama nilitumwa nilete krimu au nilete siagi. Maana ilikuwa imegandamana, Mzee, mabonge mazuri ya njano, ningekuwa na mkate ningekula pale pale. Akakataa mikebe yote.

Meneja hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali. Alisema nina safari moja iliyobaki, na aliposema hivyo mawingu yalikuwa yamekaa juu ya Bahati, meusi kama sufuria ya shamba.

Mvua ikaja. Siku chache kabla ya safari nilimpeleka Twiga mtupu kujaribu barabara. Zile tairi pana zilikaa juu ya tope kama bata juu ya maji. Nikikata kona zinakwangua springi, nikifunga breki gari linakwenda upande linaotaka lenyewe. Tukateleza hadi kwenye mifereji iliyochimbwa na malori, na hapo Twiga akasimama. Nikaingia chini nikalala kwenye tope kuangalia. Tumbo la gari lilikuwa juu kabisa, mbuzi angepita bila kuinama. Lakini difu, ule mpira wa chuma katikati ya ekseli, ulikuwa umekaa juu ya tuta kama kuku juu ya mayai. Pale pale ulipokaa mwaka jana. Kazi yangu yote haikuwa imeuinua hata upana wa kidole.

Na hapo ndipo nikakusikia. Si kama mzimu, usijisifu. Nilikumbuka tu. Kila mvua zikikaribia ulichukua fimbo yako ukatembea barabara yote kwa miguu, unaichomeka kwenye mifereji, unashika kwa kidole gumba mahali kwenye fimbo tuta linapofikia, kisha unarudi na kidole kikiwa pale pale, unasimamisha fimbo kando ya difu. Mimi nilikuwa nikiwaambia watu kwamba mzee anatafuta panya. Nawe ulisema, sijui mara ngapi, "Springi inainua tumbo. Difu inainuliwa na tairi." Nikaitikia ndiyo Mzee, ndiyo Mzee, na mawazo yangu yapo Nakuru, barabara ya stesheni.

Wachungaji walinitoa kwa maksai. Walicheka sana. Mmoja aliuliza kama twiga hula nyasi.

Nikaenda nyumbani nikachukua fimbo yako nyuma ya mlango, nikarudi barabarani kwa miguu. Nilichomeka fimbo kwenye mifereji kuanzia daraja hadi juu mlimani, kidole gumba changu kimeshika kama chako. Na sasa ngoja nikwambie kitu, Mzee, uketi vizuri huko uliko. Na wewe ulikosea. Yale malori ya mbao yameichimba barabara kuliko zamani. Fimbo iliposimama kando ya gurudumu lako la kale, kidole changu kilipita mahali difu ingefika. Tairi zako zilikuwa fupi mno kwa barabara ya sasa. Wembamba ulikuwa sawa, nakupa hiyo, maana tairi nyembamba hukata tope ikatafuta udongo mgumu chini. Lakini urefu, hapana. Hapo nilikuwa na haki, ingawa kwa sababu mbaya.

Kesho yake wachungaji wakanivusha mifereji kwa maksai, nikashuka Nakuru. Springi za lori nikamrudishia fundi, nikafunga za Punda, nikabakiza jani moja tu, yaani bamba moja la springi, ambalo alisema nichukue kama ukumbusho wa ujinga. Tairi pana tukabadilishana na nyembamba ndefu. Difu ikapanda, fimbo ikasema ndiyo. Ila tairi zile ndefu, gari likibonyea, ziligusa madigadi, yale mabati ya juu ya magurudumu. Nilihitaji nafasi ya ngumi moja tu, si zaidi, yaani jani moja la springi ya jipu kwa kila gurudumu. Fundi hakuwa nayo. Nikarudi Subukia nimenuna, nikamwambia Mama kwamba tumekwisha kwa kukosa vyuma vinne.

Mama aliacha kupepeta mahindi. Akasema nyuma ya jiko kuna gunia, niliangalie.

Unajua nilichokuta. Majani manne, yamepakwa grisi, yamefungwa gunia kama mtoto mchanga. Ya Punda mwenyewe. Nikamuuliza yalitoka lini. Akasema ulipomnunua Punda alikuwa mrefu kuliko nilivyomjua mimi. Kisha Nekesa akazaliwa, kiuno cha Mama kikaharibika, akawa hawezi kupanda. Hakutaka kubebwa mbele ya watu na hakutaka jambo hilo lisemwe. "Mzee alinisimamisha kando ya gari," akaniambia, "akashika fimbo kwenye goti langu. Kesho yake Punda alikuwa mfupi. Hakuniuliza, sikumuuliza."

Miaka yote hiyo nimekuita mwoga, Mzee. Mbele ya watu. Nimesema unaogopa gari likiwa refu litakuangusha. Nawe ukanitupia magunzi ukanyamaza.

Nilikaa pale nyuma ya jiko nikayapangusa majani yote manne kwa shati langu la Jumapili. Ungelipenda kuona hilo, kwa sababu hukuwahi kuliona.

Sasa tatizo likawa hili. Nikitia majani, difu na tairi ni sawa lakini Mama hapandi. Nisipotia, Mama anapanda lakini tairi zinakula madigadi na krimu haifiki. Nikazunguka gari nikiwa na fimbo mkononi kama wewe, mpaka nikalikanyaga lile jani la lori la ukumbusho wa ujinga, likaniumiza kidole. Nikalitazama. Nene, pana, limepinda vizuri. Nikamwomba Mama asimame kando ya mlango. Nikashika fimbo kwenye goti lake. Alielewa, akatazama upande mwingine kama anahesabu kuku.

Nikalifunga jani hilo kwa bolti chini ya mlango wake, likawa kidato cha kupandia. Majani yako manne nikayarudisha mahali pake. Mama akaja, akaweka mguu wake mwenyewe, akapanda, akakaa, akapanga kitenge chake, akasema, "Sasa twende. Krimu itachacha ukinitazama."

Tukaenda naye. Mvua ilikuwa ikinyesha kama imekodiwa. Pale kwenye mifereji nilitia gia ndogo nikamwacha Punda aende kwa mwendo wake, na nikasikia tairi zikizama, zikizama, kisha zikashika. Chini kulikuwa kugumu, kama ulivyosema. Nyasi za kwenye tuta zilipapasa difu, sauti laini, kama mtu anafagia. Mama aliimba wimbo wa kanisa njia nzima, ule mlioimba pamoja na ambao wewe ulikuwa ukiuharibu. Mlimani tulikuta lori la mwenye duka limelala kwenye mtaro. Nikapiga honi. Heshima tu.

Karani alifungua mkebe, akakoroga, akachungulia mkebe wa pili, akapitisha yote bila kunitazama. Nikamuuliza ni krimu au ni siagi. Akaandika risiti. Mama akanifinya.

Kazi imebaki kwetu, Mzee. Mvua zimekwisha na hatujakwama. Nekesa yuko shule, nimeshakuambia. Lile jina la Twiga limekufa, ingawa wachungaji bado wananiita hivyo mimi.

Barua hii nitaiweka chini ya kiti cha dereva, pamoja na gunzi. Fimbo yako inakaa ndani ya gari. Nakuahidi kila mvua zikikaribia nitatembea barabara kwa miguu kabla ya kugusa spana, na wakisema natafuta panya nitawaambia ndiyo. Na jambo la pili. Kidato nimekitoboa matundu mengine chini ya yale ya sasa. Siku nitakayoona Mama anakawia kuinua mguu, asubuhi yake atakikuta kimeshuka. Hataniuliza, nami sitasema.

Pumzika, Mzee wangu. Kofia inaanza kunikaa.

Wafula, dereva